Barafu ya mbali na mabonde ya Mbagala

Mbagala ni mji wa barafu. Mgeni anaweza kubisha, maana jua la saa nane mchana pale Rangi Tatu halina mzaha na mtu. Lakini angalia vizuri. Watoto wametoka shule wanang'ata barafu za ukwaju na za ubuyu. Vijana wanakimbilia madirisha ya magari na chupa za maji zinazotiririka ubaridi. Mama muuza samaki amefunika deli lake kwa gunia, ndani yake mabonge ya barafu yamewalalia vibua waliotoka Feri alfajiri. Na mitaani, kuanzia Zakhem hadi Charambe, nyumba nyingi zenye friji zina kikaratasi mlangoni: "Barafu zinauzwa hapa."

Hiyo ndiyo barafu tunayoijua. Inanunuliwa, inayeyuka, inakwisha.

Ipo nyingine ambayo wengi wetu hatutaiona kwa macho maisha yetu yote. Ni ile inayoelea juu ya bahari kwenye ncha za dunia, mapande kwa mapande, kwa ukubwa unaozidi nchi nyingi zikiunganishwa. Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuizungumzie hiyo, kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wetu wanarudi shuleni na swali ambalo wazazi wengi tunalikwepa: barafu ikiyeyuka huko, bahari itatufunika huku? Pili, vyombo vinavyoipima barafu hiyo kutoka angani ndivyo hivyo hivyo vinavyopita juu ya mabonde ya Mbagala, na vina jambo la kumwambia mtu yeyote aliyeshika fedha ya kiwanja mkononi.

Jaribio la glasi mbili

Tuanze na swali la watoto. Jibu lake lipo jikoni, na halihitaji zaidi ya glasi mbili, kalamu ya wino, jiwe dogo na barafu ya shilingi chache.

Kwenye glasi ya kwanza tia maji hadi nusu, kisha tumbukiza kipande cha barafu kielee. Weka alama kwa kalamu pale maji yalipofika. Kwenye glasi ya pili weka jiwe linalochomoza juu ya maji, weka alama ya maji, halafu weka barafu juu ya jiwe, isiguse maji. Waambie watoto wakacheze, warudi baada ya nusu saa.

Watakachokikuta ni hiki. Kwenye glasi ya kwanza barafu imekwisha lakini maji yako palepale kwenye alama. Kwenye glasi ya pili maji yamepanda. Sababu yake si ngumu. Barafu inayoelea imekwisha kujichukulia nafasi yake ndani ya maji tangu ilipoingia, na ikiyeyuka inajaza nafasi ileile iliyokuwa imeishika. Barafu iliyokaa juu ya jiwe ilikuwa nje ya hesabu, kwa hiyo ikiyeyuka inaongeza maji mapya.

Dunia nayo ina glasi hizo mbili. Bahari ya Aktiki, kule kaskazini kabisa, hufunikwa na barafu inayoelea. Hayo ni maji ya bahari yaliyoganda, nayo huganda yakifika karibu nyuzi joto mbili chini ya sifuri kwa sababu ya chumvi. Unene wake mara nyingi ni mita moja hadi tatu. Hiyo ni glasi ya kwanza. Ikiyeyuka yote, usawa wa bahari karibu hautabadilika. Glasi ya pili ni barafu iliyokaa juu ya nchi kavu, hasa Greenland na Antaktika, ambako unene wake kwenye sehemu nyingi ni zaidi ya kilomita moja. Hiyo ndiyo inayoongeza maji ya bahari.

Kwa hiyo mtoto akikuuliza, mjibu: inategemea ni barafu ipi. Ila usimwache aende akidhani ile inayoelea haina kazi. Barafu nyeupe yenye theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, wakati maji meusi ya bahari huumeza karibu wote. Anayeishi chini ya bati lililoota kutu, jirani na mwenye bati jipya linalong'aa, anajua tofauti yake saa saba mchana. Barafu ile ni bati jipya la dunia. Likipungua, nyumba nzima inapata joto, na joto hilo ndilo linaloitafuna barafu ya Greenland.

Jicho lisilojali usiku wala mawingu

Sasa, nani aliyehesabu barafu hiyo? Kule kaskazini kipindi cha baridi jua halichomozi kwa miezi. Likichomoza, mawingu yanatanda. Kamera ya kawaida haiwezi kazi hiyo.

Wanasayansi walipata njia nyingine. Kila kitu duniani, hata jiwe, hata mwili wako, hutoa mawimbi hafifu yasiyoonekana. Miongoni mwake yamo ya maikrowevu, ndugu wa yale yanayopasha chakula ndani ya oveni, ila haya ni dhaifu mno. Barafu ya bahari huyatoa kwa nguvu zaidi kuliko maji yaliyo kando yake. Satelaiti ikiwa na sikio la kutosha huyasikia kutoka juu, iwe usiku au mchana, kuna wingu au hakuna. Mwezi Desemba 1972 Marekani ilirusha Nimbus 5 ikiwa na chombo cha namna hiyo. Tangu mwishoni mwa 1978, ilipokuja Nimbus 7, kazi hiyo imeendelea kwa kupokezana satelaiti moja hadi nyingine, hadi leo.

Nimbus 5 ilikutana na jambo ambalo hakuna nahodha aliyekuwa analijua. Katika majira ya baridi ya miaka ya 1974, 1975 na 1976, katikati ya barafu ya bahari ya Weddell huko Antaktika, lilionekana tundu la maji matupu lenye ukubwa wa zaidi ya robo ya Tanzania. Baridi kali, giza, barafu pande zote, na katikati bahari iko wazi. Bila sikio lile la angani, tundu hilo lingefunguka na kufungika pasipo binadamu kujua.

Baadaye vilikuja vyombo vya aina nyingine. Kuna rada, ambayo haisubiri kusikia bali hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea mwangwi, kama popo gizani. Kuna CryoSat-2 ya Ulaya, iliyorushwa Aprili 2010, ambayo hupima kwa rada kimo cha barafu iliyochomoza juu ya maji. Kwa kuwa sehemu kubwa ya barafu inayoelea iko chini, na ya juu ni kama sehemu moja kati ya kumi, wataalamu wakikijua kimo cha juu hukadiria unene wote. Kuna ICESat-2 ya Marekani ya Septemba 2018, inayopima kwa miale ya leza ya kijani. Na kuna satelaiti pacha za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, ambazo zilifuatana angani kilomita 220 hivi kati yao. Uvutano wa mlima mkubwa wa barafu ukiivuta ile ya mbele kidogo, umbali kati yao hubadilika, na kutokana na badiliko hilo wataalamu hupima uzito wa barafu iliyo chini.

Hesabu walizoleta si za kufurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 barafu ya Aktiki, ikiwa imepungua kabisa mwezi Septemba, ilibaki na eneo la karibu kilomita za mraba milioni 7. Septemba 2012 ilishuka hadi takriban milioni 3.4. Tofauti hiyo ni karibu Tanzania nne. Greenland nayo, ile ya glasi ya pili, imekuwa ikipoteza kwa wastani zaidi ya tani bilioni 200 za barafu kila mwaka tangu vipimo vya GRACE vilipoanza. Na bahari yenyewe, ambayo satelaiti zimeipima usawa wake mfululizo tangu 1993, imepanda kwa wastani wa dunia karibu sentimita 10. Sehemu ya kupanda huko inatokana na barafu ya nchi kavu, na sehemu nyingine inatokana na maji yenyewe kutanuka kwa joto.

Msomaji wa pwani asidhani mambo haya ya angani ni ya wengine tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa satelaiti iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake. Uhuru ilitazama nyota, si ardhi. Lakini miaka mitano baadaye, mwaka 1975, ilianzishwa Nairobi taasisi ya kikanda ya kupima na kuchora rasilimali, ambayo leo inajulikana kwa kifupi RCMRD, na kazi yake kubwa ni kusoma picha za ardhi yetu kutoka angani.

Barafu yetu wenyewe nayo imesomwa hivyo. Ramani ya Kilimanjaro ya mwaka 1912 ilionyesha barafu ya kilomita za mraba 12 hivi kileleni. Picha za angani za mwaka 2011 zilionyesha 1.76. Hiyo nayo ni barafu ya nchi kavu, ila ni ndogo mno kuigusa bahari. Yote ikiyeyuka, hakuna mvuvi wa Kijichi atakayeona tofauti kwenye mtumbwi wake.

Mkono wa bahari ulioletwa na barafu

Nimetaja Kijichi, basi twende huko. Ukiacha Barabara ya Kilwa na njia zake za mwendokasi, ukaelekea mashariki, ardhi inaanza kushuka. Nyumba zimesongamana, kisha ghafla zinaachana, na mbele yako panatokea mikoko. Hapo ndipo bahari ilipojipenyeza ndani ya nchi. Maji yakijaa yanafika kwenye mizizi yote. Yakipwa yanaacha tope jeusi, kaa na harufu ya chumvi. Mito miwili inayoizunguka Mbagala, Kizinga upande wa mjini na Mzinga upande wa Kongowe, inamaliza safari yake kwenye mikono hii ya bahari, nayo mikono yenyewe inaungana na maji ya bandari.

Kwa nini bahari iliingia hapa? Jibu ni barafu. Miaka 20,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali, na maji mengi yalikuwa yamerundikana kama barafu juu ya nchi kavu za kaskazini. Usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa takriban mita 120. Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa imeshikana na bara, na wanyama wa bara walifika huko kwa miguu. Kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya pundamilia na nyati.

Wakati huo mito yetu ilichimba mabonde marefu kuifuata bahari iliyokuwa mbali. Kisha barafu ile ya nchi kavu ikayeyuka, bahari ikapanda, na maji yakaingia kwenye mabonde yale. Bandari ya Dar es Salaam, yenye mlango mwembamba na tumbo kubwa linalozifaa meli, ni bonde la mto lililozama. Mkono wa bahari wa Mzinga ni bonde lililozama. Kwa maneno mengine, barafu ya mbali imekwisha kuigusa Mbagala zamani sana. Ilitupa bandari, mikoko na kamba wa kuchemsha jioni.

Pale kwenye mikoko nilimkuta mzee mmoja akitengeneza wavu. Nilimwamkia, akaniitikia "marahaba mwanangu" bila kuinua macho. Nikamuuliza kama bahari imepanda tangu ujana wake. Alicheka. "Bahari kila siku inapanda na kushuka kuliko urefu wako," alisema. "Mimi sihesabu vidole. Nahesabu bamvua."

Mzee yule alikuwa na hoja. Pwani ya Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita tatu. Sentimita 10 mbele ya hizo ni kidogo. Lakini ebu fikiri hivi: ukipanda kwenye kiti kufikia dari, ukawekewa kitofali kimoja chembamba chini ya kiti, kichwa chako ndicho kitakachogonga. Bamvua ni kiti. Kupanda kwa bahari ni kitofali.

Mzee aliongeza jambo ambalo kila mtu wa Mbagala anayekaa bondeni angelitilia muhuri. "Mvua peke yake haina neno, mto unaibeba. Bamvua peke yake haina neno. Zikikutana, maji ya mto yanakuja, bahari imefunga mlango. Yataenda wapi? Yanarudi kwa watu."

Mbagala ndani ya nukta moja

Sasa tuunganishe mambo. Jiji hili limeonja mafuriko mara nyingi, na yale ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Baadhi ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Swali la kawaida la mwananchi ni hili: kama satelaiti inaona tundu kwenye barafu ya Antaktika, inashindwaje kuona maji yanayoingia sebuleni kwangu?

Mara nyingine inaona. Satelaiti za rada za Ulaya ziitwazo Sentinel-1, ya kwanza ikiwa imerushwa Aprili 2014, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 700 hivi, kama umbali wa ndege kutoka hapa hadi Nairobi. Kazi yao mojawapo ni kufuatilia barafu ya bahari ili meli zisigonge. Maji yaliyotulia hutupa mawimbi ya rada pembeni, kama kioo kinavyotupa mwanga, hivyo kwenye picha yanakuwa meusi. Mafuriko nayo huonekana meusi vilevile. Kimbunga Idai kilipopiga Msumbiji Machi 2019 na mawingu yakafunika kila kitu, rada hizo ndizo zilizoonyesha nchi nzima ya mashamba karibu na Beira ikiwa imegeuka ziwa.

Lakini Mbagala si shamba la Beira, wala si bahari ya Aktiki. Vipimo vile vya maikrowevu vilivyohesabu barafu kwa miongo hugawanya dunia katika miraba ya kilomita 25 kwa 25. Mraba mmoja kama huo unaimeza Mbagala yote, Temeke, Kariakoo na Posta, na nafasi inabaki. Rada huona vizuri zaidi, hadi mita 10 au 20. Hata hivyo kwenye uchochoro wenye nyumba pande mbili mawimbi hugonga ukuta, yakagonga maji, yakarudi juu yakiwa yamechanganyikiwa. Picha inaonyesha mng'ao mahali ambapo maji yamefika magotini. Kwa rada, mtaa uliosongamana ni kama watu kumi wanaozungumza kwa pamoja.

Wapimaji wa barafu wanayajua mapungufu haya, ndiyo maana hawakai ofisini tu. Kuanzia Septemba 2019 meli ya Ujerumani iitwayo Polarstern ilijiachia igandishwe ndani ya barafu ya Aktiki, ikaelea nayo karibu mwaka mzima, watu wakishuka kutoboa mashimo na kupima unene kwa mikono yao. Wenyeji wa huko, Wainuit, hawakanyagi barafu ya bahari kabla ya kuigonga kwa fimbo kusikia imeshika au haijashika. Jicho la juu linataka mguu wa chini.

Dar es Salaam tuliupata mguu huo. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, kwa msaada wa Benki ya Dunia na Msalaba Mwekundu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaani pamoja na wakazi. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, ambazo huonyesha hadi ndoo iliyoanikwa uani. Chini, watu waliandika mitaro ilipo, njia zilipo, na mafuriko yalifika wapi. Ramani hizo zimewekwa wazi kwa kila mtu. Kitu ambacho hakuna satelaiti ingekisema, bibi wa mtaani alikisema kwa kunyoosha kidole ukutani: "Mwaka ule yalifika hapa."

Kabla ya kumpa dalali fedha

Hapa ndipo habari ya barafu inapoingia nyumbani. Mbagala inakua kila siku, watu wanakuja, viwanja vinauzwa. Baba na mama wamebana matumizi miaka mitano, wamecheza mchezo, wamepata fedha ya kipande cha ardhi. Dalali anawapeleka Septemba, kiangazi kimekolea, ardhi kavu, nyasi fupi, mbuzi wanakula. Bei ni nafuu ajabu. Hakuna anayeuliza kwa nini.

Kwanza, yasikilizeni majina. Waliotutangulia hawakuwa na satelaiti, ila waliacha taarifa zao kwenye majina. Kibonde Maji ipo hapa hapa Mbagala, na haikuitwa hivyo kwa mapambo. Mtoni ni mtoni. Jina linalotaja maji, bonde au mto ni kipimo kilichochukuliwa kwa miaka mingi na watu waliolowa.

Pili, mwombeni kijana wa nyumbani afungue Google Earth kwenye kompyuta, atafute mahali penyewe, kisha arudishe picha nyuma mwaka hadi mwaka. Picha za satelaiti za miaka iliyopita zimo humo bure. Angalieni kama mto ulikuwa hapo ulipo leo au umehama. Angalieni kama palikuwa na mikoko, majaruba ya mpunga au rangi ya kijani kibichi wakati pande zote zimekauka. Majani yanayostawi kiangazi yanakunywa maji mahali. Mito yetu hula kingo zake. Kiwanja kilicho mita 30 kutoka mtoni leo huenda miaka kumi iliyopita kilikuwa mbali zaidi.

Tatu, pimeni umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Dalali anaweza kukwambia "hapa wote wamejenga". Mto hausomi hati ya mauziano, na siku ya bomoabomoa wote waliojenga hawatakulipia.

Nne, na hili ni muhimu kuliko yote, rudini mahali hapo bila dalali. Nendeni siku ya mvua za masika, tena siku ya bamvua, siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Bisheni hodi nyumba ya tatu na ya nne, si ya jirani anayetegemea kugawana kamisheni. Msimwulize mwenyeji, "Hapa kuna mafuriko?" Kila mtu anaisitiri nyumba yake. Mwamkieni, kaeni, mwulizeni maji ya mwaka mbaya kabisa yalifika wapi mwilini: kifundoni, gotini au kiunoni. Hilo atawajibu, tena atasimama aonyeshe.

Kwa wale ambao tayari wako bondeni na hawana pa kuhamia, taarifa hizi hazina budi kuwa kazi ya mtaa mzima. Kikao cha serikali ya mtaa kiweke alama ya rangi kwenye nguzo au ukuta, mahali maji yalipofika, na tarehe yake. Alama kumi za namna hiyo katika mtaa mmoja ni ramani. Mwenyekiti akienda nayo halmashauri kudai mtaro, hatabeba malalamiko tu, atabeba vipimo. Watoto wajue njia ya kupandia juu, vyeti vya kuzaliwa na vya shule viwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kama tunavyosikiliza matokeo ya mpira.

Barafu ya Aktiki itaendelea kupimwa, usiku na mchana, na watu ambao hawajui Rangi Tatu iko wapi. Hatuwezi kuizuia kuyeyuka kwa mikono yetu. Lakini urefu wa maji katika uchochoro wetu hakuna wa kutupimia isipokuwa sisi wenyewe, kwa chaki na futi kamba, kabla mvua haijaufuta ukuta.